Rafiki wa kike aliyegeuka ndugu: tumpe nafasi yake tukiwa hai (Mbeya, Iringa, Njombe karibuni)

Mama Viazi Uyole (mleta uzi)

Habari zenu wana jukwaa. Kuna jambo limenikaa moyoni tangu tulipomzika mama mmoja wa mtaani kwetu hapa Uyole. Nimeona nilifungulie uzi kwa sababu najua wanawake wengi wa huku wako kwenye hali hii na hawaisemi.

Marehemu aliugua muda mrefu. Aliyemuuguza ni rafiki yake, mwanamke ambaye walianza naye biashara ya viazi watoto wao wakiwa bado mgongoni. Alimwogesha, alimpikia uji wa ulezi, alikesha naye hospitalini akiwa ametandika kanga sakafuni. Ndugu walifika, siwezi kusema hawakufika, ila walifika na matunda, wakakaa kidogo, wakaaga kwamba gari za Tukuyu zitawaacha. Baada ya mazishi kikaitishwa kikao cha ukoo. Yule rafiki akaomba kusema neno kuhusu mtoto wa mwisho, ambaye marehemu alimkabidhi kwa mdomo wake mwenyewe. Akajibiwa, "Mama, tunakushukuru sana, lakini haya ni mambo ya ukoo. Wewe ni mtu baki." Akanyanyuka akarudi jikoni kuosha masufuria. Sisi tuliokuwa huko jikoni hatukujua tumwambie nini.

Msimamo wangu ni huu. Mwanamke aliyekufikisha hapo ulipo, aliyekulea uzazi, anayejua ulipoficha akiba na anayejua mwanao anaumwa nini, huyo ni ndugu yako. Sasa undugu wa damu una ushahidi wake: una jina la ukoo, una wazee, una kikao. Huu wetu hauna ushahidi wowote mpaka sisi wenyewe tuuweke, tukiwa hai na tukiwa na akili timamu. Tusipouweka, siku ya shida mwenzako ataambiwa arudi jikoni.

Nieleze na wa kwangu ili mjue naongea kitu ninachokiishi.

Mimi ni wa Kilolo, mwenzangu ni wa Kyela. Wote tulikuja Mbeya kutafuta maisha, kama wengi waliopo mji huu. Barabara ya Zambia inapita hapa, stesheni ya reli ya TAZARA ipo Iyunga, Tunduma haiko mbali, kwa hiyo mji umejaa watu waliotoka Makete, Ileje, Chunya, Ludewa na kwingineko. Mwanaume akija mjini huwa anawahi kupata watu wa kijijini kwao kijiweni. Mwanamke akiolewa huku au akija na mtaji wa mkoba mmoja, dada zake wamebaki nyumbani, mama yake yuko mbali, na wifi hujui bado kama ni wa kumwambia kila kitu. Unampata wa meza ya jirani sokoni.

Nilikuwa nauza mitumba soko la Sido. Lilipoungua Agosti 2017 sikuokoa hata belo moja. Wazee wa soko waliokuwepo Mwanjelwa ilipoungua 2006 walikuwa wanatuambia tutulie, wao walishapitia, lakini kutulia na mkopo shingoni ni kazi. Mwenzangu alikuwa na meza ya nyanya Soweto. Hakunipa pole ya simu. Alikuja nyumbani alfajiri, akaniambia nivae twende. Akaigawa meza yake katikati: upande wake nyanya, upande wangu vitunguu alivyonikopesha yeye. Wateja wake akawa ananielekezea. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye mazao, na ndiyo maana leo mnaniona Uyole na magunia.

Nikajifungua Julai, na baridi ya Mbeya ya Julai mnaijua. Mama yangu alikuwa mgonjwa Kilolo, hakuweza kuja. Aliyenikanda maji ya moto, aliyenipikia supu ya kuku wa kienyeji, aliyemfunga mtoto vizuri ni yeye. Usiku alikuwa analitoa jiko la mkaa nje hata nikilia baridi. Naliandika hili kwa msisitizo: jiko la mkaa kwenye chumba kilichofungwa linaua watu usingizini, na Juni na Julai zetu ndizo zinazotushawishi kulilaza ndani. Msikubali.

Watoto wake wananiita mama mdogo, wangu wanamwita mama mkubwa kwa kuwa kanizidi umri. Mume wangu anamwita shemeji. Mama yangu akipiga simu anaanza, "Kamwene mwanangu, huyo mwenzio hajambo?" kabla hajaniuliza mimi.

Naomba mchangie, hasa mliopitia ya hospitali, msiba na mirathi. Nauliza pia hili: tumenunua kiwanja Itezi, tumechangia sawasawa. Mmoja wetu akitangulia, nini kitatokea?

Mnyalu wa Ipogolo

Dada umegusa penyewe. Hapa Iringa nina wangu tuliyepanga naye chumba kimoja Mlandege kabla hatujaolewa. Tulikuwa tunapokezana koti moja la baridi, mwenye zamu ya kutoka asubuhi ndiye analivaa. Nawashukuru wazazi wangu, ila mahari yangu ilipopangwa, aliyejua kama kweli namtaka yule mwanaume au nimechoka tu kupanga, alikuwa yeye. Aliniuliza mara moja, nikamjibu, akaenda kukata vitunguu vya sherehe bila maneno mengine.

Shemeji wa Mafinga

Mimi ni mwanaume, naomba nisishambuliwe. Swali langu ni la kweli. Mke wangu ana rafiki wa namna hiyo. Kuna mambo ya nyumba yangu anayajua kabla yangu. Nikipoteza kazi kiwandani yeye anajua siku hiyohiyo. Hili linaniumiza na sijui kama nina haki ya kuumia.

Mama Viazi Uyole

Shemeji, hakuna wa kukushambulia. Una haki ya kuumia kama siri zako zinatoka nje na kuzunguka mtaani. Angalia kwanza kama zinatoka. Mwenzangu anajua mengi ya nyumba yangu na mume wangu hajawahi kuyasikia kwa mtu mwingine hata siku moja. Huo ndio mpaka, na kila mwanamke mwenye rafiki wa kweli anaujua ulipo: kuna ya kumwambia ili anisaidie kubeba, na kuna ya heshima ya mume wangu ambayo hata yeye hayasikii. Ya chumbani hayaendi sokoni.

Na uliposema kupoteza kazi, jiulize siku ile chakula kilitoka wapi. Nisingeshangaa kama kuna debe la unga lililoingia hapo nyumbani usiulizwe.

Shemeji wa Mafinga

Kweli, mahindi yalikuja. Nilidhani ni ya kwao na mke wangu.

Mjukuu wa Rungwe

Naandika kwa niaba ya bibi yangu, yupo pembeni hapa Tukuyu ananisahihisha. Anasema vijana mnadhani mambo haya ni ya mjini. Kwa Wanyakyusa wa zamani wavulana wa rika moja walitoka kwa wazazi wao wakajenga kijiji chao, wakazeeka humo pamoja. Watafiti wa mila, Monica Wilson na mumewe Godfrey, walikuja kukaa nao Rungwe miaka ya 1930 na wakayaandika mambo hayo kwa kirefu. Bibi anasema hao wageni walikuta wanaume wanaishi na wenzao waliokua nao tangu wakichunga ng'ombe. Mwanamke je? Yeye aliletwa pale na ndoa. Kila mke wa kijiji kile alitoka kwao kivyake, akakuta wanawake wengine nao wametoka kwao kivyao. Ilibidi waanze upya.

Kisha wanaume wakaanza kuondoka. Wengine Chunya kwenye dhahabu ya Lupa, wengine migodi ya Zambia, wengine Wenela, waliokuwa wanaandikisha vibarua wa migodi, mpaka Afrika Kusini, na kurudi ni baada ya miaka. Mama yake bibi alibaki na watoto na migomba. Mtu wake wa kumwita usiku mtoto akishikwa na degedege alikuwa mke wa jirani, ambaye mume wake naye alikuwa hukohuko mgodini. Walilima kwa zamu, leo kwako kesho kwangu, na watoto wakala kwenye chungu kimoja. Wanaume waliporudi, wakakuta watoto hawajui vizuri nani ni mama yao mzazi, na hakuna aliyeona ni tatizo.

Bibi anasema niwaambie na hili: wale wawili walipozeeka, mmoja alipofiwa na mtoto, mwenzake alihamia kwake na mkeka, akakaa mpaka yule mama alipoanza kula tena. Hakuna aliyemuuliza ukoo wake. Ndaga fijo (asanteni sana), bibi amechoka, anakwenda kuota jua.

Kimya Makambako

Nimefungua akaunti kwa ajili ya uzi huu.

Ninaishi na VVU. Kwetu Njombe na Iringa hili si geni, utafiti wa taifa wa 2016/17 ulikuta asilimia 11.4 ya watu wazima Njombe na 11.3 Iringa, na ule wa 2022/23 ukakuta Njombe 12.7. Takwimu hizo mnazisikia redioni. Mimi nawaambia zinavyokaa ndani ya nyumba. Dada zangu wawili walikufa kabla dawa hazijafika kwa wepesi. Nilipopima mimi, sikuwa na dada wa kumwambia. Nilimwambia mwanamke niliyekuwa nashona naye kwenye kibanda karibu na stendi.

Hakulia mbele yangu. Aliuliza, "Kliniki ni siku gani?" Tangu siku hiyo yeye ndiye msaidizi wangu wa dawa, jina lake liko kwenye faili langu. Nikisafiri anachukua simu ananikumbusha, hataji dawa, anasema "umeshakula?" na mimi najua. Virusi vyangu sasa havionekani kwenye kipimo. Watoto wa dada zangu tumewalea pamoja, wawili kwake, mmoja kwangu, na ada tunachangia. Hakuna mtu aliyetuandikia barua ya kufanya hivyo.

Ninachoogopa ndicho alichosema mleta uzi. Nikifa leo, kuna wajomba wengi watakuja kusema watoto hawa ni wa ukoo. Walikuwa wapi tulipokuwa tunashona hadi usiku wa manane?

Nesi Mstaafu

Binti wa Makambako, Mungu akutunze wewe na huyo mwenzio. Kama kipimo hakioni virusi na unaendelea na dawa, utawaona hao watoto wakioa na kuolewa.

Kwa suala la hospitali. Nimefanya kazi wodini miaka mingi. Kwenye faili kuna sehemu ya ndugu wa karibu, jina na namba ya simu. Wengi huandika mume au kaka kwa mazoea, hata kama kaka yuko Mwanza na simu yake haipatikani wiki nzima. Mgonjwa mwenye akili zake anaweza kumtaja mtu anayemtaka. Mtaje anayefika. Usiku wa dharura muuguzi anapiga namba iliyoandikwa, hapigi ukoo. Na mkiwa wazima waambieni waume na kaka zenu mapema kwamba fulani ndiye mmemwandika, ili asije kugombezwa mlangoni mwa wodi na watu ambao hawajui lolote.

Jingine ni damu. Nimeona akina mama wanakufa kwa kutoka damu baada ya kujifungua huku ndugu wakibishana nani atoe. Rafiki haulizwi ukoo kwenye damu. Nyie wawili nendeni mkachangie Damu Salama wakati mko wazima, msisubiri mmoja awe mezani.

Mwalimu Vwawa

Upande wa bima ya afya nimejaribu. Nilitaka kumwandikisha rafiki yangu awe mtegemezi wangu NHIF. Haiwezekani. Mwenza anaingia, watoto wanaingia, wazazi wanaingia, yeye haingii. Tukaamua tufungue kibubu cha matibabu, kila mwisho wa mwezi tunaweka, na ufunguo upo kwa mtu wa tatu.

Binti Mkwawa

Shikamooni dada zangu. Nipo chuo hapa Iringa. Ninao marafiki watatu wa hosteli, tunapika pamoja, tunafundishana, tunaitana dada. Mmoja alinikopa hela ya matumizi na amenyamaza. Nitajuaje nani atakuwa ndugu kweli na nani tunapita tu?

Mama Viazi Uyole

Marahaba mwanangu. Kwa uzoefu wangu, hujui mpaka mpitie shida mbili: pesa na aibu. Pesa umeanza kuiona. Mwite, mwambie unaihitaji lini, msikilize. Asiyenacho atakuja kukuambia hana, na hapo hujapoteza mtu. Anayekukwepa kwenye ngazi za hosteli ndiye wa kumwacha apite.

Mimi na mwenzangu tuko kwenye VICOBA kimoja cha kuweka na kukopa, ndani yake tuko kikundi cha watano tunaodhaminiana. Nimeona urafiki wa miaka ukivunjika pale, kwa sababu mmoja alichukua mkopo akauhamishia kwenye sherehe na wenzake wanne wakalipa. Ndiyo maana sisi wawili deni letu tunaliandika hata kama ni elfu tano. Kuna wanaosema kuandikiana ni kutoaminiana. Mimi naona tofauti kabisa: namwandikia kwa sababu sitaki siku moja nimtazame nikiwa na wasiwasi. Hata ule mkopo wa halmashauri, ile asilimia 4 ya wanawake kwenye asilimia 10 ya mapato ya ndani, tuliusoma masharti yake pamoja kabla ya kusaini.

Na huenda kuna anayejiuliza yule mtoto wa marehemu yuko wapi. Amechukuliwa na baba yake mdogo. Yule rafiki wa marehemu anampelekea sare na madaftari, na wanampokea vizuri. Lakini marehemu alitaka amalizie shule hapa Uyole.

Msaidizi wa Sheria

Nimesoma wote. Mimi ni msaidizi wa kisheria, tunaofanya kazi chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nitakwenda moja kwa moja.

Mtu akifa bila wosia, rafiki hapati kitu, hata kama alimuuguza miaka kumi. Mali inagawiwa kwa sheria inayomhusu marehemu, na kwenye zote rafiki hamo. Kwa hiyo andikeni wosia. Ukiwa chini ya sheria za kimila zilizotangazwa mwaka 1963, wosia wa maandishi wa mtu anayejua kusoma na kuandika unahitaji mashahidi wasiopungua wawili, mmoja wa ukoo na mmoja asiye wa ukoo. Asiyejua kusoma na kuandika anahitaji wanne, wawili kwa wawili. Yule mama aliyeambiwa ni mtu baki, sheria hiyohiyo ya mila inamtaka mtu baki awepo. Ila anayeachiwa kitu asiwe yeye shahidi, mtafute mwingine, mtakwepa ugomvi. Muislamu anaweza kumwachia asiye mrithi hadi theluthi moja ya mali. RITA, wakala wa serikali wa usajili, ufilisi na udhamini, wanapokea na kutunza wosia, msiuweke chini ya godoro.

Kuhusu watoto, wosia unaeleza matakwa yako ila mtoto hagawiwi na mali. Sheria ya Mtoto ya 2009 inatanguliza maslahi ya mtoto, na ndani yake kuna utaratibu wa malezi ya kambo na wa kuasili. Mlango wa kuanzia ni afisa ustawi wa jamii wa halmashauri yako. Dada wa Makambako, nenda naye huyo mwenzio ukiwa mzima, mweleze afisa watoto wanaishi wapi na nani analipa nini, na mtunze risiti za ada zenye majina yenu. Karatasi hizo zina nguvu kuliko kelele za wajomba.

Kiwanja cha Itezi: Sheria ya Ardhi ya 1999 inawaruhusu kumiliki wawili kwa hisa. Andikeni hisa ya kila mmoja, nusu kwa nusu. Lakini mjue, ule umiliki wa pamoja ambao aliyebaki anachukua vyote, sheria imeuweka kwa wanandoa, wengine mpaka mahakama iruhusu. Nyie mmoja akitangulia, hisa yake inakwenda kwa warithi wake. Kama mnataka aliyebaki aipate, au apewe nafasi ya kwanza kuinunua, liandikeni kwenye wosia wa kila mmoja. Na wanandoa wenu wajue. Wosia wa kushtukiza msibani huzaa kesi.

Shemeji wa Mafinga

Nimemuuliza mke wangu kuhusu yale mahindi. Jumapili tunakwenda kumsalimia huyo shemeji wangu na mimi ndiye nitakayebeba zawadi.

Kimya Makambako

Msaidizi, asante. Nimemsomea mwenzangu ulichoandika, tumefunga kibanda mapema tukaanza kutafuta risiti. Tumepata za kidato cha kwanza na cha pili. Za shule ya msingi zililiwa na panya.

Mama Viazi Uyole

Msaidizi wa Sheria, umetufungua macho, hasa hilo la hisa, maana sisi tulijua majina mawili kwenye karatasi ya mauziano yanatosha.

Tumeshakaa sisi wanne, mimi na yeye na waume zetu. Mume wake alisita kidogo, akauliza watoto wake wakubwa watasema nini, na ni haki yake kuuliza, kwa hiyo wataitwa nao. Kaka yangu anakuja kutoka Kilolo kuwa shahidi wangu wa ukoo, kwa upande wa mwenzangu atakuja baba yake mdogo kutoka Ipinda. Shahidi wa nje tunamwomba katibu wa VICOBA chetu, yeye hana anachoachiwa na mwandiko wake unasomeka. Kwenye faili la kliniki nimeshabadilisha jina, nimeandika la kwake na namba zake zote mbili. Tukimaliza RITA nitarudi hapa kuwaambia tuliulizwa nini na tulitakiwa kwenda na karatasi zipi, ili na wengine mjiandae.